Sherehe Zetu za Stendi

Kambarage, Shinyanga
Desemba, alasiri

Kulwa binti yangu,

Umekwenda kwa fundi kuchukua sare zako, nami nimepata nafasi ya kuandika bila kukuona ukipita na kurudi na nguo mkononi. Habari za chandarua, maji ya kunywa na namna ya kuishi na mwenye nyumba huko Chato ameshazisema mama yako, tena zaidi ya mara moja, kwa hiyo sitazigusa. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako kabla ya chakula cha jioni. Isome leo. Usiifungue ndani ya basi, kwa sababu ndani yake kuna jambo unalopaswa kuliamua ukiwa bado nyumbani kwangu.

Juzi ulinifuata uani nilipokuwa nikinoa jembe. Ulisimama kama mwanafunzi aliyekuja kuomba ruhusa, ukasema, "Baba, naomba niondoke kama mtu anayekwenda sokoni. Pasiwe na chakula, pasiwe na watu, wala mtu asipige kigelegele." Nikakujibu, "Nimesikia." Ulidhani nimekubali. Nilisema nimesikia, basi.

Sikuongeza neno kwa sababu sikuwa na maneno yaliyonyooka. Mtu aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote hapendi kusimama mbele ya mwanawe na nusu sentensi. Leo maneno ninayo, ingawa si mazuri.

Nianze na stendi, maana ndiyo tunayoikwepa sote humu ndani. Mama yako sasa anazunguka hadi upande wa pili wa mji ili asiione akienda sokoni, na mimi nimekuwa nikijifanya sijui kwa nini anachelewa kurudi.

Wewe na Doto mlizaliwa mapacha, na katika ukoo wetu mapacha hawafanyiwi jambo kwa zamu. Bibi yako, mama yangu, aliisimamia sheria hiyo kama polisi. Alipowalisha ugali kwa mara ya kwanza alitumia mikono yote miwili, kwako mkono wa kulia, kwa Doto mkono wa kushoto, matonge yakaingia vinywani kwa wakati mmoja, asije mmoja wenu akasema alitanguliwa. Mlibatizwa siku moja, mkapata kipaimara siku moja. Ulipofaulu darasa la saba na Doto akafeli, nilichinja majogoo wawili, na bibi yako akanikataza kuwaambia wageni ni nani aliyefaulu. Mjomba wako aliondoka akiwa amewapongeza wote wawili, na Doto akamwitikia, "Asante mjomba, haikuwa rahisi." Nilimkaripia, kisha nikaingia chumbani kucheka.

Doto hakupenda daftari. Alipenda usukani. Alianza kama utingo wa lori la magunia, akaenda Geita kubeba mawe ya wachimbaji wadogo, na baadaye akapata basi la Chato na Bariadi, lile linalopita hapa kwetu likienda na likirudi. Nilifurahi kwamba ameondoka kwenye machimbo. Niliwaambia majirani kwamba sasa mwanangu yuko mahali salama. Neno hilo nalikumbuka kila nikikutana nao.

Kazi ile ilituletea shida ambayo sikuitarajia. Mambo makubwa ya familia hii huangukia Desemba. Shule zimefungwa, mahafali yamefanyika, wachimbaji wanatoka Geita na magodoro mapya wakirudi kwao, na kila mwenye ndugu mbali anataka kumwona. Katika msimu ambao watu wote wanasafiri, dereva ndiye mtu pekee asiyeweza kufika popote. Ulipochaguliwa kwenda chuo cha uuguzi tukakaa hapa sebuleni tukiwa na furaha iliyokosa nusu, maana Doto hakupewa ruhusa.

Bibi yako akauliza, "Hilo basi lake linapita wapi?"

"Stendi, mama. Linasimama kidogo kupakia, linaondoka."

"Kidogo inatosha. Mdomo hauhitaji siku nzima."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuzipeleka sherehe zetu stendi. Tulibeba wali kwenye ndoo yenye mfuniko, nyama kwenye sufuria lililofungwa kwa kitenge, na kiti cha bibi. Wapigadebe walituzoea. Tukionekana tu langoni, mmoja wao alipaza sauti, "Pisheni familia ya Mwalimu! Hii ni sherehe, siyo foleni!" Tulifanya hivyo mama yako alipostaafu, tukafanya hivyo bibi yako alipopona macho. Nakiri kwamba nilijivuna. Niliwatazama watu waliokuwa wakilalamika kuwa hawawaoni watoto wao, nikajiambia kwamba wamekosa mpango.

Desemba iliyopita ulihitimu. Doto alinipigia simu kutoka Chato siku chache kabla.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, hii ya Kulwa tuisogeze Januari. Njia imechafuka, abiria ni wengi mno, tajiri mwenye gari anataka lizunguke tu. Januari nitakuja nikae hata siku mbili."

"Kulwa amehitimu Desemba," nilimjibu. "Hakuhitimu Januari."

Alicheka. "Haya, Mwalimu. Njooni stendi." Aliniita Mwalimu kila aliposhindwa hoja, unajua.

Siku yenyewe unaikumbuka, lakini nitaiandika, kwa sababu kila mmoja wetu amebaki nayo kipande kipande. Ulitoka saluni umechelewa, joho lako likiwa begani, ukikimbia na viatu mkononi. Mama yako aliapa kwamba hakuna abiria atakayekaa dirishani akitazama wenzake wakila, akaanza kupitisha sahani. Bibi yako aliwasimamisha wewe na Doto bega kwa bega, akawalisha kwa mikono yake miwili, na kwa sababu mikono sasa inatetemeka, akarudia mpaka aliporidhika. Mimi nilitoa karatasi ya hotuba.

Mzee mmoja alitoa kichwa dirishani. "Dereva! Hii ni safari au ni harusi?"

"Vyote viwili, mzee wangu!" Doto alimjibu. "Pacha wangu amekuwa nesi. Ukija kuugua usiseme hukuula wali wake."

"Muuguzi," nilimsahihisha.

"Muuguzi," alirudia, akiwakonyeza abiria. "Nesi ni kwa sisi tuliofeli."

Basi zima lilicheka. Wewe ulicheka mpaka ukamshika mkono ili usianguke. Kisha mwanamke mmoja akaita kutoka ndani, "Mwalimu, fupisha! Mtoto wangu ana joto huku!" Sikufupisha. Nilikuwa nimeiandika vizuri, na niliisoma mpaka nukta ya mwisho. Konda alipiga bodi kwa kiganja, "Doto! Muda, kaka!" Doto akajifuta mdomo, akaruka kwenye kiti chake, akasema, "Usijali, nitaufidia njiani."

Sote tulilisikia neno hilo. Mama yako akapiga kigelegele, basi likatoka.

Tulikuwa bado tunasugua masufuria simu ilipolia. Basi lilikuwa limepinduka mbele ya Kahama, kwenye barabara ya kuelekea Geita. Doto alikufa palepale. Walikufa na abiria, na sitaandika kana kwamba msiba ule ulikuwa wetu peke yetu. Sijui kama mzee wa dirishani alikuwa miongoni mwao. Sijui kama yule mtoto mwenye joto alifika kwao. Niliogopa kuuliza wakati ule, na hata sasa naogopa.

Kilichokuwa moyoni mwetu hukukisema kwa mtu, na mimi sikukisema, na mama yako hakukisema, mpaka siku tuliyoondoa matanga, jamaa walipokwisha kuondoka. Unakumbuka ulivyolipuka? Ulisema, "Ni mimi. Ningewahi kutoka saluni, asingekimbizana na muda." Mama yako akakurukia, "Nyamaza! Nani aligawa sahani basi zima? Nani?" Bibi yako akasema mikono yake ilikuwa mizito. Mimi niliwaambia kuhusu simu ya Januari, jambo ambalo hamkulijua, nikidhani nitawanyamazisha wote. Hamkunyamaza. Mlinitazama kama watu walionyang'anywa kitu chao. Nimeona koo zikigombania mashamba na ng'ombe. Sikujua kwamba nyumba inaweza kugombania lawama, kila mtu akilivutia fungu lake kifuani na kukataa kugawana.

Konda alikuja kutuona Februari, akitembea kwa magongo. Wewe ulikuwa hospitalini kwenye mazoezi ya baada ya kuhitimu. Sikuwahi kukusimulia yote aliyosema, kwa hiyo nakusimulia leo. Alikataa kukaa kwenye kochi, akaketi kwenye kigoda cha bibi.

"Mwalimu," alisema, "tulipofika Kahama hatukuwa na deni la muda. Tulishaufidia kwenye lami nzuri, tukanywa na chai. Kule mbele alikuwa anakwenda taratibu. Tairi lilipasuka tu."

"Unasema kweli, au unanipa pole?" nilimuuliza.

Alisogeza magongo yake pembeni. "Mwalimu, mimi nilikuwa mlangoni nakata tiketi. Sikuwa natazama spidi."

Hilo ndilo jibu lote tulilo nalo. Askari wa usalama barabarani walisema tairi. Abiria mmoja alisema mwendo. Konda alisema taratibu, kisha akasema hakutazama. Ningeweza kukuandikia leo kwamba dakika zetu za stendi hazikuhusika, nawe ungesafiri mwepesi. Siwezi, kwa sababu sijui. Ningeweza pia kukuambia kwamba zilihusika, na kwamba kosa ni langu mwenyewe niliyekataa Januari, nawe ungeondoka huna hatia. Hilo nalo silijui, ingawa ndilo ninaloliamini zaidi nikiamka vibaya. Nimeishi nikidhani kila swali lina jibu sahihi, na anayekosa jibu hakusoma. Hili nimelisoma mwaka mzima.

Nimefika hata pale basi lilipopindukia. Mama yako anajua, wewe hatukukuambia. Nilishuka nikatembea kando ya lami nikitafuta sababu, kama mtu aliyedondosha funguo. Kuna kalvati, kuna shamba la pamba, kuna mwanamke anayeuza viazi vya kuchemsha. Nilimwamkia nikamuuliza kama aliona ajali ile.

"Ipi, baba?" aliniuliza. "Hapa zimetokea nyingi."

Nikanunua viazi nikarudi Kahama. Kesho au keshokutwa utapita pale ukielekea Chato, hakuna njia nyingine iliyo karibu. Kalvati liko upande wa kushoto. Ukitaka kutazama, tazama; ukitaka kufumba macho, fumba. Mimi nilitazama na haikunisaidia, lakini wewe si mimi.

Sasa nije kwenye linalonitisha. Halihusu barabara.

Mama yako ameniambia ulichomweleza kuhusu wodi ya wazazi. Kwamba wakati wa mazoezi mwanamke mmoja alijifungua mapacha, ndugu zake wakapiga vigelegele mlangoni, nawe ukaweka chini vifaa na kutoka, ukaketi chooni mpaka zamu yako ikaisha. Kwamba ukifika Chato utaomba usipangwe wodi hiyo kabisa. Aliniambia kwa sauti ya chini akidhani nitakasirika. Sikukasirika. Niliogopa, Kulwa. Ulisomea kazi hiyo kwa sababu unaipenda, na walimu wako walikusifu kwa mikono yako. Na wale watoto wawili hawakukukosea. Kulikuwa na mtu anayetokwa na damu kitandani, na mtu aliyefundishwa kumhudumia alikuwa chooni ameziba masikio.

Nikaona jinsi jambo hili linavyokua. Mwaka huu tulipitisha Pasaka bila kupika. Siku yako ya kuzaliwa, ambayo ni yenu, tuliipitisha tukizungumzia bei ya mahindi. Barua ya ajira ilipokuja uliisoma, ukaikunja, ukasema "nimepata," ukaenda kufua. Binti wa watu amepata kazi ya serikali, na humu ndani hakuna aliyesimama! Jirani yetu Mama Neema alifika na vitenge viwili akidhani kuna shughuli, akatukuta tunachambua mchele kimya kama watu waliofiwa asubuhi hiyo. Nilimwona akivikunja vitenge vyake taratibu ili visionekane. Nilipaswa kusimama wakati ule. Sikusimama.

Nilidhani tunamheshimu Doto. Niliandaa hata hoja ya kukueleza: mapacha hawafanyiwi jambo kwa zamu, na kwa kuwa mmoja hayupo, mwingine hatafanyiwa. Ilikuwa hoja iliyopangika vizuri sana. Nikaipeleka kwa bibi yako, nikijua yeye ndiye mwenye sheria, nikitumaini ataithibitisha. Alikuwa amelala chali na kitambaa machoni.

"Nani kakwambia hivyo?" aliuliza.

"Wewe, mama. Tangu walipozaliwa."

"Mimi nilisema wasipishane. Doto amekwenda, hapishani na mtu tena. Kulwa yupo. Kulwa ana mdomo." Kisha akaniambia kwa Kisukuma maneno ambayo sitayaandika, maana matusi ya mama kwa mwanawe mzee hayapaswi kuingia kwenye barua. Kwa ufupi alitaka kujua nimeacha kukulisha tangu lini.

Sina uhakika kwamba bibi yako yuko sahihi. Huenda amezeeka, huenda amechoka na ukimya wetu. Wala sikuandikii nikiwa nimepata nafuu, maana sijaipata. Nikisikia honi ya basi kubwa bado naweka chini nilichoshika. Lakini ninajua tofauti kati ya mtu anayeomboleza na mtu anayejilipisha kosa, kwa sababu mwaka huu nimekuwa wote wawili, na wa pili hana mwisho. Haridhiki. Kwako ameshachukua chakula, akachukua siku ya kuzaliwa, sasa anataka kazi yako. Na hata ukimpa kazi, atauliza kama una mtoto.

Kwa hiyo nimelitengua neno lako, bila kukuuliza, na ndiyo sababu nilitaka uisome barua hii leo.

Kesho asubuhi mama yako atapika. Hatutakwenda stendi. Tutakula hapa sebuleni, milango ikiwa wazi, sisi wanne na Mama Neema, ambaye nimekwenda mwenyewe kumwomba radhi na kumwalika. Alilia, kisha akauliza kama alete sufuria lake kubwa, nikamwambia alete. Hakutakuwa na muziki. Pengine tutalia zaidi kuliko tutakavyokula, na sitamzuia mtu. Ila mtu akitaka kupiga kigelegele, atapiga, nawe utakisikia ukiwa umekaa, nami nitakuwa nimekaa karibu nawe nikikisikia pia, maana mimi sijui nitakavyofanya kitakapopigwa.

Mlango sitaufunga kwa ufunguo. Una umri wako na kazi yako, na ukiamua kutoka alfajiri kama mtu anayekwenda sokoni, sitakuita jina wala kukufuata barabarani. Utatupita tukiwa jikoni, moto umewashwa. Nitakuitikia shikamoo yako na nitakuombea, nami nitakuwa baba yako vilevile.

Lakini ukikaa, kaa mpaka mwisho. Tiketi yako nimeiona mezani: basi linaondoka mapema, na chakula hakitakuwa tayari mapema. Nimemwagiza mama yako asiharakishe chochote. Najua msimu huu nafasi hazipatikani, na kwamba ukikosa hilo unaweza kukaa hapa siku kadhaa ukisubiri kiti. Nimekwisha kumwandikia mkuu wa kituo chako kwamba ukichelewa kuripoti, aliyekuchelewesha ni mimi, kwa sababu za kifamilia, nimetia sahihi. Usitazame saa. Mtu yeyote akiitazama saa mezani kwangu kesho, nitamwondoa mezani.

Basi likikuacha, likuache.

Ni mimi,
Baba yako